Uwanja Uliosiribwa Samadi

Wahenga hawakupayuka waliposema kuwa koleo likivunjika, uhunzi haujaisha. Anayebisha aende Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, akamwulize Thevarajan.

Enzi zake alikuwa bingwa wa tenisi wa chuo, na mkono wake wa kulia ulisifiwa hadi Kolombo. Siku tatu kabla ya fainali, vita vikabisha hodi. Kombora likauchukua mkono ule hadi kwenye kiwiko. Kwa miaka ishirini fainali ile aliicheza usingizini tu: mpira mweupe ukipaa, ukikawia hewani, usishuke. Akiamka, analia.

Vita vikaisha, majani yakauvamia uwanja wa tenisi wa chuo, na Thevarajan akawa anaomba ufufuliwe. Mkuu wa chuo, Bi Pushpamalar, akamwita.

"Kaka Theva, tuache ndoto. Hakuna anayecheza, hakuna anayefundisha. Jumatatu trekta linakuja, tujenge maegesho."

"Basi niachie hadi hiyo Jumatatu, dada."

Aling'oa majani kwa mkono wa kushoto. Kisha akausiriba uwanja kwa samadi na maji, kama viwanja vya tenisi vya kwao vilivyosiribwa tangu zamani. Majirani wakamcheka: "Mzee, unamtandikia nani?" Akaendelea kusiriba.

Jumatatu asubuhi dereva Nagulan akafika na trekta. Akaiona ardhi laini, inanukia samadi mbichi, kama ua ambao kwao husiribwa kwa ibada ya sikukuu. Akazima injini, akavua ndara.

"Lo! Kaka, kumbe hapa pana ibada? Mimi silimi mahali pa ibada, mama yangu atanilaani!"

Thevarajan alitamani kunyamaza. Uongo ungemwokolea uwanja wake.

"Hakuna ibada, ndugu yangu. Ni tenisi tu."

"Tenisi kwa mkono mmoja?" Nagulan akaangua kicheko. "Haya, cheza nione. Ukishindwa, nawasha."

Wasichana wa chuo walikuwa wamejaa madirishani. Thevarajan akachukua raketi yake ya zamani, akauweka mpira juu yake, akaurusha kwa raketi ileile. Mpira ukapaa, ukakawia hewani kama kule ndotoni. Safari hii ukashuka. Akaupiga, pa! Ukatua konani, ukaacha alama ya duara kwenye samadi.

Msichana mmoja akashuka ngazi mbio, viatu mkononi. "Mwalimu, nifundishe hiyo!" Wenzake wakamfuata wakisukumana.

Bi Pushpamalar, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, akamgeukia dereva. "Nagulan, rudi nyumbani."

"Mimi mbona nilishazima zamani, mama!"

Mwalimu! Neno hilo lilimliza Thevarajan waziwazi, na machozi hakuyafuta, maana mkono wake ulikuwa na kazi. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.