Kanga Aliyekataa kwa Jina la Wengine

Paukwa!

Pakawa.

Ndiyo kuitikia gani huko? Mmekula ugali au mmekula usingizi? Paukwa, nasema!

Pakawa!

Haya, angalau.

Hapo kale, kale kweli, wanyama walikuwa wakilima mtama. Walikuwa na kijiji chao, Kichakani, na jumbe wao alikuwa Nyati. Tena walikuwa na desturi moja nzuri na desturi moja ya kipuuzi.

Desturi nzuri ni hii. Kila baada ya mavuno, masuke bora ya mtama yaliwekwa kando yawe mbegu ya kijiji kizima. Yalifungwa mafungu saba, yakatundikwa juu ya meko ndani ya nyumba ya mtunza mbegu, moshi uyafukize na wadudu wasiingie. Hakuna aliyeyagusa mpaka mvua ya kupandia.

Desturi ya kipuuzi ni hii. Kazi yoyote iliyokosa mwenyewe, alipewa yule ambaye hakuhudhuria baraza. “Asiyekuwepo na lake halipo,” walisema, wakacheka, wakaenda zao.

Sasa, mwaka ule, siku ya baraza, Bi Kanga hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya mto kwa mdogo wake Bi Kwale, mtoto wa mama yake mdogo, akimsaidia kutengeneza kiota. Bi Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga wanne, mchapakazi, mwenye haya nyingi, asiyependa kabisa kugombana na mtu. Aliporudi nyumbani alikuta mafungu saba ya mtama mlangoni kwake.

Akaenda mbio kwa Jumbe.

“Jumbe, kuna makosa. Mimi ni kanga. Chakula changu ni mtama.”

“Tunajua,” alisema Jumbe Nyati, huku akicheua.

“Mmempa kanga mtama autunze?”

“Umeshateuliwa, Bi Kanga. Baraza limekwisha.”

Jamani! Chatu hali mtama. Chui hali mtama. Mamba hajui hata mtama unafananaje. Wakampa Kanga! Na kijiji kizima, wenye pembe na wenye mikia, hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Bi Kanga alishusha pumzi, akarudi, akayatundika mafungu yake saba.

Basi mvua ya vuli haikuja. Watu wakasema, itakuja masika. Masika nayo haikuja. Maghala yakaisha. Wanyama wakala majani, majani yakaisha, wakala mizizi.

Kila siku Bi Kanga alipika mizizi yake chini ya mafungu saba ya mtama. Moshi ulipanda, harufu ya mtama ikashuka. Alitamani, alitamani, alitamani mpaka mate yakamjaa, kisha akaona aibu kwa kutamani. Alipolala aliyapa mgongo.

“Mbegu hailiwi,” alijiambia. Na hilo alilijua moyoni, bila kufundishwa na mtu. Shida ilikuwa kulitoa mdomoni.

Siku ya kwanza akaja Kima.

“Hodi, dada!”

“Karibu, kaka.” Lakini hakumkaribisha ndani. Alitoka, wakazungumza mlangoni.

“Dada, nina ombi dogo, dogo kabisa. Fungu moja tu. Watoto wangu wanatafuna magome ya miti. Mvua ikinyesha nakurudishia mawili.”

“Utayatoa wapi mawili, kaka, na mbegu imeshaliwa?”

“Aa, dada! Mungu hamtupi mja wake.”

Hapo ndipo Bi Kanga alipotakiwa kusema neno moja. Sitoi. Basi. Lakini alimwona Kima mbavu zilivyomtoka, akaona haya, akasema, “Kaka, ningekuwa na uwezo ningekupa, wallahi. Lakini Jumbe amekataza.”

Niambieni nyinyi mnaosikiliza. Jumbe alikuwa amekataza?

Hakukataza!

Hakukataza hata kidogo. Kima, ambaye miguu yake haijui kutulia, akaenda moja kwa moja kwa Jumbe. “Jumbe, kwa nini umetukataza mbegu?”

“Mimi?” alisema Jumbe Nyati. “Mimi sijakataza. Wala sijaruhusu. Mimi nipo tu.”

Kima akarudi anarukaruka. “Dada! Jumbe hana neno! Lete fungu!”

Jina la Jumbe alilojificha nyuma yake Bi Kanga halikuwa lake, na mwenyewe ameshalichukua. Akamwambia Kima aje kesho kutwa.

Siku ya pili akaja Fisi.

“Bi mkubwa,” alisema Fisi, “nina njaa mpaka naona nyota mchana. Nasikia Jumbe hana neno. Basi nipe mafungu mawili, kwa sababu tumbo langu ni kubwa kuliko la Kima.”

Neno ni lile lile. Sitoi. Lakini Fisi ana meno, na Bi Kanga aliogopa. Akasema, “Ndugu yangu, mtama wenyewe umeshaharibika. Umeingia wadudu, fukusi. Umeoza wote.”

Fisi masikio yakamsimama. “Umeoza? Si ungesema mapema! Mimi na kilichooza ni mtu na ndugu yake. Nipe wote!”

Mnaona mambo? Kumwambia Fisi kitu kimeoza ili asikile! Mimi nikifika hapa huwa nataka kuingia ndani ya hadithi nimtikise Bi Kanga mabega. Lakini mwoga akishaanza kudanganya hachagui, huokota uongo wowote ulio karibu.

“Njoo kesho,” alisema Bi Kanga, akafunga mlango.

Fisi hakuwa na siri. Kabla jua halijashuka, kijiji kizima kilikuwa kinasema mbegu imeoza. Wengine wakalia. Wengine wakasema, kama inaoza, heri tugawane ile nzima iliyobaki tuile leo.

Siku ya tatu akaja Ngiri, na wanawe wawili wenye pembe mdomoni kama baba yao. Ngiri si mtu mbaya. Ni mtu wa kuamini anachoambiwa, na akishaamini hasimami.

“Bi Kanga, mimi sina maneno mengi. Watu wanasema mbegu imeoza. Nataka kuiona. Iliyo nzima tuigawane.”

Bi Kanga alitanua mabawa mlangoni. Ngiri akiingia ataona mbegu nzima, safi, inanukia moshi, na njaa aliyo nayo mtu huyu itafanya kazi yake. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Sitoi.

Akasema, “Haipo hapa.”

“Ipo wapi?”

“Nimeipeleka... nimeipeleka kwa mdogo wangu, Bi Kwale. Ng'ambo ya mto.”

Alitaka siku moja tu ya kupumua. Ngiri akashukuru, akageuka na wanawe, wakaenda.

Kesho yake, jua halijafika utosini, Bi Kwale akatokea. Bawa moja linaburuta vumbi. Alisimama uani, hakubisha hodi.

“Dada, ulimwambia Ngiri nini?”

Bi Kanga alilitazama lile bawa.

“Niliwaambia sina mbegu. Wakasema wewe ndiye uliyesema. Wakachimba mlangoni. Wakachimba sakafu. Wakachimba kiota, dada, kile tulichotengeneza mimi na wewe. Mayai sita. Lilikuwa limebaki juma moja yaanguliwe.”

“Mdogo wangu...”

“Usiniite mdogo wako. Nijibu. Uliwaambia iko kwangu?”

“Niliwaambia.”

“Na iko wapi?”

“Iko ndani. Juu ya meko.”

Bi Kwale alikaa chini pale pale vumbini, akalia bila sauti. Bi Kanga alitamani ardhi imfunike. Alikuwa amekataa kwa jina la Jumbe, akakataa kwa jina la fukusi, akakataa kwa jina la ndugu yake. Jina lake mwenyewe alilifungia ndani kama nguo ya sikukuu, na gharama amelipa mwingine.

Nyuma ya Bi Kwale wakaja wengine. Ngiri, amekasirika kwa kuchimba bure, na aibu pia imemkaa usoni. Kima. Fisi. Kijiji kizima. Na mwisho kabisa, nyuma ya watu wake, Jumbe Nyati.

“Mbegu iko wapi?” walipiga kelele. “Iko wapi? Iko wapi?”

Uongo wa nne ulikuwa tayari. Angeweza kusema imeibwa. Lakini Bi Kanga alikuwa amechoka. Amechoka na Kima, amechoka na Fisi, amechoka na Jumbe na baraza lake, na zaidi ya yote amechoka na mdomo wake. Akausukuma mlango, ukafunguka wote.

“Tazameni,” alisema. “Mafungu saba. Hakuna lililooza. Hakuna lililotoka. Jumbe hakukataza kitu, nilimsingizia. Fukusi hakuna, nilimdanganya Fisi. Bi Kwale hakupokea hata punje, na mayai yake yamevunjika kwa sababu yangu. Aliyekataa ni mimi. Sasa nakataa tena, na sina sababu ya kuazima. Sitoi.”

“Wewe nani?” alifoka Fisi. “Jumbe hakukataza, wewe nani?”

“Mimi ni Kanga. Natamani mtama huu kuliko wewe, maana wewe unakula hata mifupa. Mwaka niliototolewa, mama yangu alikula mbegu. Hatukufa. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha vizuri, na sisi tukakaa kando ya shamba letu tupu, tukiwatazama wenzetu wakipanda. Najua ninachokisema. Mbegu hailiwi.”

Kelele zikapanda. Ngiri akapiga hatua moja, Fisi mbili. Bi Kanga hakutanua mabawa. Alijisogeza kando, akaacha mlango wazi.

“Siwezi kupigana nanyi,” alisema. “Mwenye kutaka, aingie, ashushe fungu. Ila kabla hajala, asimame hapa uani aseme kwa sauti: mimi fulani bin fulani, nimekula mbegu ya Kichakani. Aanze mmoja.”

Kila mmoja akamsukuma mwenzake mbele.

“Haya, tule sote kwa pamoja!” alisema Kima. “Jambo la wengi halina lawama.”

“Hata mkila wote, kaka, kila mtu ana mdomo wake. Anza wewe.”

Kima aliutazama mtama, akawatazama watoto wa kijiji, nao wanamtazama. Akajikuna kichwa. “Mimi nilikuwa nauliza tu,” alisema, akarudi nyuma.

Wakamtazama Fisi. Fisi, ambaye hajawahi kuona haya tangu kuzaliwa, akafungua mdomo: “Mimi Fisi, mwana wa...” Akamwona mkewe kwenye umati, ameweka mikono kiunoni. Akafunga mdomo.

Wakamtazama Ngiri. Ngiri akamtazama Bi Kwale aliyekaa vumbini, akainamisha kichwa. Akaondoka na wanawe.

Hapo Jumbe Nyati akasogea mbele, akakohoa. “Kwa kweli,” alisema, “hata mimi ndivyo nilivyokuwa nafikiri.”

Ndivyo alivyokuwa anafikiri! Tangu lini? Lakini tuyaache. Watu walitawanyika mmoja mmoja.

Msifikiri mvua ilinyesha palepale. Hadithi za namna hiyo mkasimuliwe na wengine. Siku arobaini zilipita. Watu hawakumsalimia Bi Kanga kisimani. Kifaranga mdogo alimwambia, “Mama, punje moja. Moja tu, nani atajua?” Zamani angemwambia Jumbe atakasirika. Safari hii alimwambia, “Mimi nitajua. Sitoi, mwanangu. Twende tukachimbue mchwa.” Wakaenda, wakachimbua mchwa, wakalala na njaa, wakaamka, wakachimbua tena.

Siku ya arobaini na moja mvua ikanyesha. Ikanyesha kweli, mto ukajaa pomoni. Bi Kanga akashusha mafungu saba, akagawa mbegu kwa kila nyumba, suke kwa suke. Kila aliyepokea alisema asante, tena kwa sauti kubwa, kama vile hakuwahi kusimama pale uani.

Maji yalipopungua, Bi Kanga alivuka mto akiwa na fungu la Bi Kwale, kubwa kuliko mengine, maana alikuwa ameongezea fungu lake mwenyewe. Alimkuta analima.

“Mbegu yako, mdogo wangu,” alisema. “Na yangu iko humo.”

Bi Kwale alipokea kwa mikono miwili. Alifungua fungu, akalitenga nusu kwa nusu, akamrudishia nusu yake.

“Mbegu yangu nimepokea,” alisema. “Yako kapande, una watoto. Siku ile mlangoni ulisema kweli, dada. Lakini ulikuwa na siku tatu za kuisema.”

Akainama, akaendelea kulima.

Basi, enyi mnaosikiliza, mmepata nini? Yeyote hujua lililo jema siku ya shibe. Lile usilokubali kulivunja, lijue kabla njaa haijabisha hodi, na ikibisha, liseme kwa kinywa chako, kwa jina lako, mapema. Ukikataa kwa jina la mwingine, mwenye jina atakuja kulichukua, au atavunjiwa mayai kwa ajili yako. Na ukweli uliochelewa unaokoa mbegu, haurudishi mayai.

Nami hapa natua mzigo. Ikiwakera, kerekeni nayo njiani, ikiwafaa, ipandeni. Haya, ondokeni, kesho kuna kulima.