Boti Lililoanguka Gatini

Asubuhi ile bahari ilikuwa imetulia tuli, na jua changa lilimulika gati hata kila chuma kikang'aa. Mkaguzi mkuu wa usalama alipanda ngazi ya meli polepole, kofia ngumu kichwani, tochi mfukoni na daftari kwapani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu asiyekimbizwa na yeyote. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekagua meli zinazohudumia majukwaa ya mafuta na gesi baharini, na hakuna siku aliyoamka akitamani kazi nyingine. Mabaharia walimbandika jina la Mama Rudia, kwa kuwa kila jaribio walilomfanyia, hata likienda sawasawa, aliitikia kwa kichwa na kusema, "Vizuri. Rudia." Jina hilo lilipomfikia, alilicheka, akaliacha likae.

Meli ya siku hiyo ilitakiwa kuwapeleka wafanyakazi ishirini na wanne kwenye jukwaa la gesi na kuwarudisha wenzao waliomaliza zamu ya mwezi mzima. Miongoni mwa waliongojea kurudi alikuwamo mkwewe mwenyewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Mke wa fundi huyo, binti wa pekee wa Mama Rudia, alikuwa na mimba ya kwanza na angeweza kujifungua wakati wowote.

Chumba cha injini kilikuwa safi. Pampu za kuzimia moto zilitema maji kwa nguvu. Mama Rudia alifurahi, maana hakuna kilichompendeza kama meli iliyotunzwa. Kisha akafika kwenye boti la uokozi, lililoning'inia ubavuni mwa meli kwa kulabu mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Kulabu ya nyuma ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyeupe pe. Alitoa ufunguo wa nyumba yake akaikwangua. Chini ya rangi, kutu ilimwagika kama unga wa matofali.

"Nahodha, hii mmeijaribu kwa uzito?"

Nahodha, mtu mcheshi aliyejuana naye kwa miaka mingi, alitabasamu. "Mama, cheti si umekiona? Kina muhuri wa mwezi uliopita."

"Muhuri hauning'inizi boti, baba."

Nahodha alisogea karibu, akapunguza sauti. "Tuambizane ukweli. Mkweo yuko kule, na bintiyo hana hata wiki kabla ya kujifungua. Nipe safari hii moja tu. Nikirudi nitalishusha boti hili mbele yako hata mara kumi."

Maneno yale yalimchoma. Mama Rudia aliitazama bahari, nayo ilikuwa shwari kama sinia. Karatasi zote zilikuwa sawa. Angetia saini, hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Hapo simu yake ikaita. Alikuwa binti yake.

"Shikamoo, mama. Mume wangu ameandika kwamba meli yao haijatoka. Wewe leo unakagua meli gani?"

"Marahaba. Hiyo hiyo, mwanangu."

"Basi iruhusu, mama."

"Kuna kitu hakijaniridhisha."

"Wewe lini uliwahi kuridhika?" Sauti ya binti ilitetemeka. "Mimi nataka mume wangu awe hapa. Basi. Hilo tu."

Simu ikakatwa. Mama Rudia alibaki ameishikilia sikioni kana kwamba bado anasikiliza. Alitamani siku ile awe na kazi ya kuuza vitambaa. Hatimaye alijikaza kisabuni, akafungua daftari na kuandika: meli isiondoke.

"Pangeni mifuko humo ndani mwijaze maji," aliagiza. "Nataka uzito wa watu ishirini na wanne, na nyongeza. Na asibaki mtu ndani."

Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alikuwa ameshatia mguu mmoja botini. "Lakini mama, mimi huwa nashuka nalo."

"Leo utalitazama kutoka hapa nje, mwanangu. Toa mguu."

Akautoa huku akinung'unika. Mifuko ikajazwa, waya zikaanza kulegezwa. Boti lilishuka kiasi cha kimo cha mtu. Ghafla kulabu ya nyuma ikalia kama mfupa unaovunjika. Nyuma ya boti ikaporomoka, mifuko ikamwagika baharini mmoja baada ya mwingine, kisha kulabu ya mbele nayo ikashindwa. Boti zima likaanguka kwa kishindo, maji yakaruka mpaka kwenye sitaha na kuwalowesha wote.

Serahangi alikuwa akiutazama mguu wake. Nahodha alivua kofia, akaketi juu ya rundo la kamba.

"Ningewaua watu," alisema.

"Hujaua mtu," Mama Rudia alimjibu. "Inuka, tuagize boti jingine na kulabu zake."

Vitu hivyo vilisafirishwa kwa lori kutoka bandari nyingine, siku mbili njiani. Siku ya pili alasiri, binti akashikwa na uchungu. Mama Rudia alikaa kando ya kitanda cha hospitali mwanzo hadi mwisho. Binti hakumsemesha, hata alipotaka maji alimwomba mkunga. Lakini mkono wa mama aliung'ang'ania, akauminya mpaka pete ikaacha alama kidoleni. Akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Kesho yake bibi mpya alirudi gatini. Boti jipya lilishushwa na uzito wake wote, likagusa maji kwa upole.

"Vizuri," alisema.

"Rudia!" mabaharia wakaitikia kwa pamoja, na nahodha akacheka kuliko wote.

Siku iliyofuata mkwe alifika nyumbani, buti za kazi miguuni, begi bado begani. Alimpokea mtoto kama anayepokea kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Baada ya muda alimgeukia mkewe.

"Mabaharia wamenisimulia," alisema. "Tukipanda meli ile, lazima tufanye zoezi. Watu ishirini na wanne tunafungwa mikanda ndani ya boti, nalo likining'inia. Mwezi uliopita nilikaa kiti cha mwisho kabisa, chini ya kulabu ya nyuma."

Machozi yalimlengalenga binti. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Mama, weka uji chini uje umpokee mjukuu wako. Baba yake hajavua hata buti."

Mama Rudia akaketi katikati yao, akampakata mtoto. Baba wa mtoto alikuwa amechelewa siku tatu, lakini alikuwa pale, akivua buti zake na kuuliza mtoto kamrithi nani pua. Ama kweli, kawia ufike.