Ukingo wa Shimo la Moto

Sogeeni, na anayesinzia akalale kwao!

Jangwani palikuwa na mlima uliotumbuka kileleni, likabaki shimo la moto. Humo liliishi zimwi, na kila aliyetaja jina la mtu pale ukingoni, lilimla. Siri hiyo hakuna aliyeijua, maana walioijua waliliwa; ilijulikana tu kwamba waendao pale hawarudi.

Mzee mmoja alimchukia Talaso, mke wa mwanawe. Akamwamuru, “Zunguka ukingo ule, unitafutie ngamia wangu.”

Talaso akazunguka, jivu likimchoma nyayo. Zimwi likanguruma, “Nani kakutuma?”

“Baba mkwe.”

Akaenda, akaenda. Zimwi likauliza, “Jina lake nani?”

“Mkwe hatajwi jina. Ni aibu.”

Akaenda, akaenda, akaenda. Mawe yakapasuka, moshi ukamkaba. “Litaje!”

“Sitaji, hata nikifa!”

Zimwi likasaga meno, likashindwa. Mzee alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe amwone akiliwa. Akachomoka kwa hasira: “Talaso! Hujafa tu?”

Mkono ukatoka shimoni, ukamzoa mzee.

Nyuma ya jiwe Talaso akamkuta ngamia, amefungwa kwa kamba ya mzee mwenyewe. Akamrudisha nyumbani.

“Nani kaliwa?” wakamuuliza watu wa nyumbani, waliosikia ngurumo za zimwi.

Talaso akajifunika ushungi, akainama kwa heshima. “Baba mkwe,” akasema. Jina hakulitaja.