Mizigo Minne ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mlango.

Mlango wa nani?

Wa aliyeutolea jasho.

Haya, kaeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, niwasimulie habari za mlango huo.

Zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiuziana na kununuliana kama watu, katika bonde moja aliishi Nungunungu wa kike, jina lake Siwema. Alikuwa kijana bado. Mama yake alikufa mwaka wa njaa. Ndugu zake wakatawanyika, huyu huku, huyu kule. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na shimo. Alikuwa na makucha yake na miiba yake, basi.

Alipanga katika shimo la Ngiri, pembeni kabisa, mahali ambapo paa limeinama. Ngiri alikuwa na mke na watoto watano, na shimo lilikuwa moja. Siwema akigeuka usingizini, miiba inalia: chakacha, chakacha. Watoto wa Ngiri wanaamka, wanaanza kulia. Ngiri anakoroma kutoka kule mlangoni.

"Siwema. Hapa kuna watoto."

"Samahani, baba mwenye nyumba."

Siku moja samahani. Siku ya pili samahani. Mwisho Siwema akajifunza kulala bila kugeuka. Usiku kucha ubavu mmoja, kama jiwe.

Kazi yake ilikuwa kufukua. Wanyama wasio na makucha walimwita awafukulie viazi mwitu. Naye alifukua, ku, ku, ku, tangu asubuhi hadi jua linapinda. Jioni analipwa viazi vitatu. Kimoja anakula. Kimoja anampa Ngiri, kodi ya siku. Kimoja anakwenda kukifukia katika mchanga mkavu wa korongo, pasipooza kitu.

Kimoja anakula. Kimoja kodi. Kimoja mchangani.

Mkuyu ulipozaa, wanyama vijana walikwenda kucheza ngoma chini yake na kula kuyu mpaka matumbo yakauma. Siwema alizisikia ngoma kwa mbali, naye yuko shambani kwa mtu, anafukua. Kanga akamwona, akamhurumia. Akamwambia kwamba mwanamke nyumba huipata kwa mume, hajisumbui na makucha, angoje aolewe.

Siwema hakuacha kufukua. Alisema tu, "Dada Kanga, hata nikiolewa, si lazima nitoke mahali?"

Mvua ikaja, mvua ikaenda. Ikaja tena, ikaenda tena. Mchangani mkajaa mizigo miwili ya viazi.

Sasa, katika bonde lile mashimo yote mazuri yalichimbwa na Bibi Mhanga. Yeye ndiye fundi. Alikuwa na makucha kama majembe. Lakini uzee ulikuwa umemfika, meno yamekwisha, mchwa anaowala wako mbali na miguu haitaki. Akatangaza kwamba shimo lake la mteremkoni analiuza. Akilipwa yote atahamia ng'ambo ya mto, kwa mpwa wake, akapumzike. Bei yake mizigo minne.

Siwema akapanda mteremko kwenda kuliona. Lilikuwa shimo dogo. Mlango unatazama mawio, udongo wake mwekundu, mgumu, na ukutani makucha ya Bibi Mhanga yameacha mistari, mistari, kama mtu aliyechana kwa kitana. Siwema akaketi ndani. Alipotoka alisema ana mizigo miwili, na miwili iliyobaki ataileta, mmoja msimu huu wa kiangazi, mmoja msimu ujao.

Bibi Mhanga akamtazama. "Wewe na nani?"

"Mimi, bibi. Peke yangu."

"Sawa. Lakini siku ya kulipa, lete mtu mzima asimame nawe. Kununua ni kwa watu wawili, kuona ni kwa wa tatu."

Siwema akawaza: mtu mzima wangu ni nani? Mama hayupo. Ndugu hajui waliko. Akazunguka bonde zima kichwani mwake, akaishia mlangoni kwa Ngiri. Akamwomba, huku anaona aibu, maana ni kama kumwambia mtu njoo unisaidie nikukimbie.

Ngiri alikoroma, kro, kro, akanung'unika kwamba ana kazi. Lakini alikwenda. Alifika mteremkoni, akaingia shimoni kinyumenyume kama ilivyo desturi ya ngiri, akatoka na vumbi mgongoni. Akasema ni jembamba. Kisha akasema, "Lakini halivuji." Mizigo miwili ikawekwa chini mbele yake. Akaikanyaga kwa kwato, mmoja, wa pili. "Nimeona," akasema, wakarudi.

Kikaja kiangazi kikali. Kimoja anakula, kimoja kodi, kimoja mchangani. Siku nyingine kazi haipo, basi analala na njaa, ili cha mchangani kisikose. Mzigo wa tatu ukatimia. Siku hiyo Ngiri alikuwa amekwenda mbali na watoto wake kutafuta tope. Siwema alitaka amngoje. Lakini alisikia Bibi Mhanga ni mgonjwa, hajala siku mbili. Akaubeba mzigo peke yake.

Alimkuta Bibi Mhanga amelala ubavu, pumzi fupi fupi. Siwema akasema labda auweke mzigo nje, kesho aje na Ngiri.

"Mwanangu," Bibi Mhanga akasema, "kwani mimi na wewe tunatiliana shaka?"

Siwema akaona haya. Akauingiza mzigo ndani, akamsagia bibi kiazi kimoja, akamlisha taratibu kwa ncha ya ukucha. Hakuna aliyeona.

Mvua haijanyesha bado, Bibi Mhanga akafa. Bonde zima lilimzika, maana hapakuwa na mnyama aliyelala shimoni bila jasho la bibi yule, na viazi vilivyokuwamo shimoni vikaliwa matangani bila kuhesabiwa. Siwema alilia kuliko wengine, na wengine hawakujua kwa nini.

Siku ya saba mpwa wa Bibi Mhanga akafika kutoka ng'ambo ya mto. Mvua ya mbali milimani ilikuwa imefurisha mto ukamzolea shimo lake, mke wake alikuwa mjamzito. Akaingia shimo la mteremkoni, akasema hili ni la shangazi yangu, sasa ni langu. Siwema alipomweleza, hakumtukana. Alisema yeye hakatai, bali hajui. Mwenye shahidi aje naye mbele ya Mzee Tandala, aliyekuwa akiamua mashauri ya bonde.

Jioni ya kuamkia shauri, mpwa yule akaja kwa Ngiri. Siwema alikuwa kwenye pembe yake, paa limeinama, anasikia kila neno. Mpwa alisema kwa upole kwamba hamwombi Ngiri aseme uongo. Anamwomba tu asiende. Mpangaji wake atabaki, na kiazi chake cha kila siku kitabaki. Tena mwakani, mpwa akipata nafasi, atawachimbia watoto wa Ngiri shimo lao, bure.

Ngiri hakujibu. Mpwa akaaga, akaenda. Mke wa Ngiri akasema polepole kwamba watoto ni watano, na shimo ni moja. Ngiri akageukia mlango.

Siwema alilala ubavu mmoja mpaka kukapambazuka. Alitaka kumwambia Ngiri neno, neno lisipatikane. Angemwambia nini? Kumbuka? Anakumbuka. Nihurumie? Ana watoto.

Asubuhi Ngiri akatoka, mkia juu. Hakusema kwenda wala kubaki. Siwema akamfuata nyuma, akiangalia mkia ule tu, utakata kuelekea tope au kuelekea barazani. Walipofika njia panda, Ngiri alisimama. Alisimama muda. Kisha mkia ukaelekea barazani.

Wanyama walikuwa wamekusanyika penye udongo wa chumvi, wanakokuja wote kulamba. Mzee Tandala akauliza nani alishuhudia mauzo. Inzi wanalia, vuu, vuu. Ngiri akajongea mbele.

"Mimi ndiye mwenye nyumba anayopanga huyu binti," akasema. "Akihama, nakosa kiazi changu cha kila siku. Na jana nimeahidiwa shimo la watoto wangu nikikaa kimya. Kwa hiyo mjue nisemalo halina faida kwangu. Alilipa mizigo miwili. Niliikanyaga kwa kwato hii."

Mpwa akainamisha kichwa. Mzee Tandala akamgeukia Siwema, akamuuliza amelipa mingapi kwa jumla.

Nguchiro, aliyeketi karibu naye, akamnong'oneza aseme yote minne, maana maiti hasemi. Siwema alimsikia. Akamtazama mpwa, akamtazama Ngiri.

"Mitatu," akasema. "Miwili mbele ya baba Ngiri. Wa tatu nilimpelekea bibi alipokuwa mgonjwa, tukiwa wawili tu. Wa nne bado."

Mzee Tandala alilamba chumvi. Hatimaye akaamua. Shimo ni la Siwema, kwa kuwa mauzo yalionwa. Ila baraza haliwezi kuhesabu mzigo ambao haukuonwa na mtu. Mizigo miwili imelipwa, miwili itamwendea mpwa. Mpaka hiyo miwili ilipwe, mpwa akae shimoni na mke wake.

"Binti, mimi nakuamini," Mzee Tandala akasema. "Lakini nikihukumu kwa kuamini, kesho atakuja mwongo naye aniombe nimwamini."

Siwema hakubisha. Aliondoka, akaenda mpaka korongoni, akaketi juu ya mchanga mtupu. Msimu mzima wa makucha yake umekwenda. Siku alizolala na njaa zimekwenda. Akalia hapo mpaka akachoka. Kisha akainuka, maana palikuwa na mtu anayetaka kufukuliwa viazi.

Kimoja anakula. Kimoja kodi. Kimoja mchangani.

Mvua ikaja, mvua ikaenda. Ikaja tena, ikaenda tena. Mke wa mpwa alizaa, na mpwa akachimba shimo jipya ng'ambo, juu zaidi, mahali mto haufiki. Siku ya mwisho akaja kupokea. Alimkuta Siwema mteremkoni na mizigo miwili, amekaa tu. Mpwa akanyoosha mkono achukue.

"Ngoja kwanza, kaka," Siwema akasema. "Mashahidi wako njiani."

Wakaja. Ngiri akaja na watoto wake wote, Kanga akaja, Nguchiro akaja, Mzee Tandala mwenyewe akapanda mteremko akihema. Mzigo mmoja ukawekwa chini, wote wakauona. Wa pili ukawekwa, wote wakauona. Mpwa akasema amepokea, hana dai tena.

Lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni, anachezea udongo kwa kidole. Akaomba kama anaweza kuingia mara moja, aage.

"Ingia," Siwema akasema. Hakumfuata.

Mpwa alikaa ndani kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akamwomba Siwema jambo moja: ile mistari ya makucha ya shangazi ukutani, asiisawazishe.

Siwema akamwambia hataisawazisha. Na hakuisawazisha, mpaka uzee wake.

Basi, enyi mliosikia, wadogo na wakubwa. Ukinunua, nunua mbele ya macho ya watu, hata kama muuzaji ni mwema kama mama yako. Wema hufa na mwenyewe. Na wewe uliyeitwa kuona, siku ukiulizwa, sema ulichokiona, hata kama kinakugharimu.

Ngano yangu imefika mlangoni. Mimi nabaki nje, ninyi ingieni mkalale.