Mlango wa Upande Aliokalia Mama

Hapo zamani, kabla ndevu zangu hazijanisaliti, nilikuwa jirani wa Mzee Senzota pale Same. Mtu akikuambia anakijua kisa hiki kuliko mimi, mpe kiti akae, kisha wewe ondoka.

Mzee alikuwa na Pijo kuukuu lililomleta mkewe siku ya harusi. Mama wa watu alishafariki. Gari likabaki uani, na jua letu mnalijua: likaila rangi hadi ikawa kama majivu. Macho ya mzee nayo yakaingia ukungu. Daktari akasema zimebaki siku chache, kisha giza.

Mzee akawaita wanawe watatu. "Nataka kuiona rangi ile mara moja tu. Atakayenirudishia, ufunguo ni wake."

Elinaja, fundi rangi, akapitisha kidole kwenye boneti. "Rangi bado ipo, baba. Imelala tu. Nitaiamsha kwa kitambaa laini, polepole, wiki moja."

"Wiki moja!" Kiondo, mchimba madini, akaruka. "Baba anayo hiyo wiki?"

"Kaa mbali, Kiondo. Mikono yako ni ya machimboni."

Elinaja alipokwenda dukani, Kiondo akachukua msasa na dawa ya kung'arishia, akausugua mlango wa upande aliokalia mama. Alisugua kama mtu anayezima moto. Kijani kikatoka! Akamkokota mzee hadi pale.

"Mgomba baada ya mvua!" mzee akalia. "Ndicho kile! Mama yenu alikaa hapa, shela yake imebanwa na mlango!"

Kiondo akafurahi, akazidi kusugua. Kijani kikaisha. Likabaki bati.

Elinaja aliporudi akaliona bati. Alikaa chini.

Sasa ilibidi mlango upakwe upya, kwa rangi ile ile. Naelijwa, kitinda mimba, akafungua kifuniko cha tanki la mafuta, ambacho upande wa ndani jua halikuifikia rangi yake, akakipakata hadi mjini Moshi. Duka la kwanza, siyo. Duka la pili, siyo. Duka la tatu akasimama siku mbili, wakichanganya, akikataa, hadi akasema, "Hii ndiyo."

Elinaja akapaka, akang'arisha gari zima, vidole vikitoka damu. Siku ya tisa likawaka kama bibi harusi.

Macho ya mzee yalikuwa yamezimika siku ya nane.

Tukamshika mkono. Akaupapasa mlango. "Laini," akasema. "Ni kijani kile?"

"Kile kile, baba," Naelijwa akajibu.

"Nimeamini." Lakini kuamini si kuona, na machozi yake yalitueleza hivyo. Akanipa ufunguo mimi. "Wewe jirani una mdomo mrefu. Amua."

Mwezi haukwisha, tukamzika.

Baada ya matanga wakanijia.

"Baba mdogo, mimi ndiye niliyemwonyesha," akasema Kiondo. "Bila mimi angekufa hajaona."

"Bila yeye baba angeliona gari zima siku ya saba," akasema Elinaja. "Nani amelirudisha, mimi au yeye?"

Naelijwa akainama. "Bila mimi, mlango wa mama ungekuwa na rangi ya mtu mwingine."

Mimi, ninayejua kila kitu, nikaurudisha ufunguo mfukoni.

Ufunguo huu hapa mfukoni, mwaka wa kumi na moja. Gari liko uani, na jua limeanza kuila rangi tena. Haya, nyinyi wenye akili: nimkabidhi nani?