Kiu ya Farasi

Farasi tisa walikunywa kisima cha Sechelela jioni tatu mfululizo, na mizabibu yake ikakauka. Hilo ndilo lililotokea.

Asubuhi mlimsikia Sechelela akimjibu yule mnunuzi wa zabibu. Mnunuzi huyo alikuwa amepewa maji ya kunywa, akashukuru, kisha akaomba na ya kuoshea lori lake. Sechelela akamwambia, "Kiu ya mgeni ni yangu, kiu ya farasi ni ya mwenye farasi." Ninyi mkacheka, kwa sababu hamkuona farasi pale. Sisi tuliwaona. Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa Ng'homelo, na mimi nilikuwapo.

Sechelela ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Baada ya msiba alipanda mizabibu kwenye nusu eka, akachimba kisima kando yake. Miaka mitatu alimwagilia bila kuvuna. Mwaka ule ndipo mizabibu ilipozaa kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa tisa, na ninyi ni watoto wa Dodoma, sina haja ya kuwaeleza mwezi wa tisa ulivyo mkavu. Kisima kile kilijaa maji polepole mchana na usiku, na yote aliyachota alfajiri kwa ajili ya mizabibu. Hayakubaki ya kuchezea.

Jioni moja wakaja watu juu ya farasi. Walikuwa wageni wanane, wengine Wazungu, wengine watu wa Dar es Salaam, wamekuja likizo ya kuzunguka mashamba ya mizabibu kwa siku kadhaa na kuonja mvinyo. Kiongozi wao alikuwa mtu wa kaskazini aitwaye Elirehema, mwenye kofia pana na maneno mengi. Nyuma yao lilifuata gari lililoendeshwa na kijana Ombeni. Waliomba kupiga mahema pembeni mwa shamba, na Sechelela akawakubalia. Aliwapa maji kabla ya kuwauliza majina. Ndivyo tulivyolelewa.

Kisha Elirehema akaanza kuwachotea farasi. Farasi mmoja anamaliza ndoo mbili bila kuinua kichwa. Walipomaliza, kamba ilileta tope.

"Usijali, mama," Elirehema alisema. "Boza letu la maji linafika kesho. Tutakijaza kisima mpaka kifurike."

Boza halikufika. Mchana walikwenda kuzunguka mashamba, jioni wakarudi kwenye mahema, farasi wakanywa tena. Siku ya tatu vilevile. Kila alfajiri Sechelela alipata ndoo chache za maji ya matope, akawa anachagua mzabibu wa kunywa na wa kuachwa. Majani yalijikunja kama yameunguzwa, huku wageni wakiyapiga picha.

Jioni ya nne alifunika kisima kwa mbao, akaketi juu yake.

"Mama, tupishe kidogo, wanyama wamechoka," Elirehema alisema akiwa bado juu ya farasi.

"Boza liko wapi?"

"Limeharibika Kongwa."

"Jana ulisema limeharibika Gairo," nikamwambia. "Hilo boza linaharibika huku linasogea. Kwa nini lisiharibikie hapa?"

Wageni waliojua Kiswahili walicheka. Yeye alikunja uso. "Mzee, haya hayakuhusu. Mama, mimi nazijua mila zenu. Mgogo hamnyimi mgeni maji. Hata hawa nimewaleta hapa kwa sifa hiyo."

Mmesikia hiyo? Wema wetu alikuwa ameshaufanya bidhaa yake, kama viti na mahema.

Sechelela akamgeukia dereva. "Ombeni, mwanangu, boza hilo umewahi kuliona?"

Ombeni akatazama matairi ya gari lake. "Mama, huu ni msimu wangu wa tatu. Mimi hubeba viti, mahema, barafu na mvinyo. Boza nalisikia tu."

Sechelela akainuka, akaondoa ubao mmoja, akachota. Alimpa kila mgeni kata ya maji kwa mikono miwili. Wa mwisho alikuwa Elirehema, naye akanywa yote.

"Kuna mgeni wangu mwenye kiu bado?" Sechelela akauliza. Wote wakasema wametosheka. Akaurudisha ubao.

"Na farasi je?" Elirehema akasema.

"Farasi hawakuja kwangu, wamekuja na wewe, na kazi wanakufanyia wewe. Kiu ya mgeni ni yangu. Kiu ya farasi ni ya mwenye farasi."

"Utaacha wanyama wafe?"

"Bwawa liko nyuma ya kile kilima. Unalijua, umelipita kila siku. Ulikipenda kisima changu kwa sababu kiko karibu na viti vyako."

Mwanamke mmoja wa Dar akashuka, akashika hatamu. "Dada, samahani. Sisi tulidhani mmekubaliana naye kuhusu maji haya," akamwambia Sechelela. Wenzake nao wakashuka, wakawaongoza farasi kwa miguu hadi bwawani. Elirehema alikwenda amepanda.

Kesho yake walihama. Boza halijafika mpaka leo.

Mtu akija na kiu yake, mpe maji hata kama yamebaki ya kata moja. Akija na biashara yake akaivika kiu ya mgeni, mjibu kama Sechelela: kiu ya mgeni ni yangu, kiu ya farasi ni ya mwenye farasi. Ninyi maneno haya mmeyapata bure. Yeye alitarajia kreti thelathini, akavuna tisa, na kiwanda cha mvinyo kikakataa nne kati ya hizo. Mistari sita ya mizabibu michanga ilikufa, akaing'oa kwa mikono yake, akapanda mingine, akangoja miaka mitatu tena.