Punda wa Ghorofani

Soma tarehe, ndipo upandishe punda. Mmenisikia nikimwambia jirani maneno hayo, mkacheka, kisha mkauliza punda apandishwe wapi na tarehe inamhusu nini. Basi kaeni niwaeleze. Methali hii ina mwenyewe, na chanzo chake ni hiki.

Hapa mjini kwetu vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, kwa hiyo mchanga, chokaa na maji ya kunywa vimebebwa na punda tangu enzi za mababu. Famau alikuwa mchukuzi. Alikuwa na punda mmoja tu, jike, aliyemwita Johari. Mama yake Johari alikufa siku ya kumzaa, na Famau akamlea kwa maziwa ya mbuzi, akimnyonyesha kwa kitambaa. Watu walimtania kwamba hata binti yake Zuhura hakulelewa hivyo. Yeye hakujali. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alijua kusoma, na alitaka kila mtu ajue kwamba anajua.

Asubuhi moja ya Jumatano alinunua bajia kwa Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa akifunga bajia zake kwa magazeti, na wiki ile warithi wa karani mmoja marehemu walikuwa wamemletea sanduku zima. Famau akafungua, akala bajia moja, akaanza kusoma karatasi kwa sauti kama kawaida yake. Maandishi makubwa yalisema: PUNDA WOTE KUKAMATWA ALHAMISI.

Bajia ya pili ilimkwama kooni. Chini ya maandishi hayo mafuta yalikuwa yamekula maneno mengi, lakini yaliyobaki yalitosha kumtoa mtu roho: baraza la mji limechoshwa na samadi, punda watakamatwa, watauzwa kwa mnada. Alhamisi ilikuwa kesho. Akaketi chini palepale. Alimwona Johari mnadani, akitazamwa meno na mtu asiyemjua. Alimwona akivuta mkokoteni katika mji wa mbali, akichapwa, akigeuza shingo kumtafuta bwana wake. Machozi yakamtoka mbele za watu, naye ni mtu mzima mwenye mvi.

Habari mbaya haina breki. Kabla ya adhuhuri wachukuzi wote walikuwa wamewakimbiza punda wao mashambani, na mji ukabaki bila maji. Famau hakuwa na shamba. Alichokuwa nacho ni nyumba ya mawe ya ghorofa moja, aliyorithi kwa babu yake. Akaona hakuna askari atakayemtafuta punda katika chumba cha kulala. Akashika kipande cha mkate, akatangulia ngazini, na Johari akamfuata kidato baada ya kidato, vyote kumi na saba, taratibu kama mgeni aliyealikwa.

Mkewe, Mwanakheri, alikuwa harusini tangu alfajiri. Aliporudi alasiri alisikia kishindo juu, akapanda, akafungua mlango. Johari alikuwa amesimama kati ya kitanda na kabati, anatafuna mto wa usufi. Mwanakheri alipigwa na butwaa. Buibui lilimteleza likaanguka chini, asiliokote.

"Baba Zuhura," akasema polepole, "punda anafanya nini chumbani kwangu?"

"Amejificha."

"Anamkimbia nani?"

"Serikali," akajibu Famau, akamkabidhi karatasi iwe ushahidi.

Mwanakheri hakujua kusoma. Aliigeuza ile karatasi, akaona picha iliyokuwa nyuma yake, akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa picha ya washindi wa bao, na wa katikati alikuwa Ami Mbarak, ndugu wa baba yake, aliyemlea na kumwoza, na aliyekuwa kaburini mwaka wa kumi na nane sasa. Pale pichani alikuwa kijana, ndevu nyeusi, anacheka.

"Huyu tumemzika sisi," akasema. "Amerudi lini akacheza bao? Hebu nisomee tarehe, wewe msomi."

Famau akatazama pembeni mwa karatasi, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuwa ameyajali. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kusoma kwa sauti. Gazeti lilikuwa la miaka thelathini na minne iliyopita. Alhamisi ile ilikuja ikapita yeye akiwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, anafundishwa alifu. Baraza lenyewe lilikwisha vunjwa, na punda hakukamatwa hata mmoja.

Akacheka kwa furaha, akamvuta Johari washuke. Lakini kupanda ni jambo moja na kushuka ni jingine. Johari aliliona lile shimo la ngazi, akatetemeka mwili mzima, akarudi nyuma. Wakamsukuma, wakambembeleza kwa mkate, wapi! Siku ya pili mwashi alikuja kuitazama dari kutoka chini, akatoka nje haraka. Alisema boriti zile ni kuukuu, zimeanza kupinda, na hazitafika Jumamosi na mzigo ule. Na kumburura ngazini ni kumvunja miguu.

Famau akaketi kwenye kidato cha juu, uso mikononi.

"Baraza halikumgusa," akamwambia mkewe. "Mimi ndiye ninayemuua."

Mwanakheri akashuka ngazi, akatoka. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wachukuzi, ambao walikuwa wamekwisha sikia habari ya tarehe na kurudi mjini na aibu zao, akawaomba mchanga. Ijumaa tangu asubuhi punda wa mji mzima walileta mchanga, watu wakaumwaga ngazini kwa vikapu, wakaulowesha na kuushindilia hadi vidato vyote vikafunikwa, ukawa mteremko. Juu boriti zilikuwa zinalia. Famau akamfunga Johari macho kwa kanga, akamshika mashavu, akashuka kinyumenyume mbele yake huku akimwita jina. Katikati ukwato uliteleza. Johari akasimama, akasikiliza, akaendelea. Alipokanyaga kichochoro tu, nyuma yao boriti ilikatika, na kitanda cha bwana na bibi kikaangukia sebuleni.

Hakuna aliyecheka. Walikitazama kitanda, wakamtazama Famau. Famau alimkumbatia punda shingoni. Mwanakheri alikuwa na mchanga hadi kwenye nyusi, na sauti yake ilikuwa bado inatetemeka.

"Baba Zuhura, sikukatazi kusoma. Soma upendavyo. Lakini soma tarehe, ndipo upandishe punda."